Mimba Aliyoiona Wifi Yangu

Kuna mtu mmoja upande wa Bungoma ambaye sijamsamehe mpaka leo, na msinisukume, sina mpango huo. Pasta amejaribu akachoka. Mama yangu amejaribu, akaishia kuniambia nina roho ngumu. Sawa, ninayo. Mtu huyo ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, na alichonifanyia ni hiki: aliniona nikififia mbele ya macho yake, akawatangazia watu kwamba nina mimba ya nje.

Mimi ni mtu wa Kitale. Baba alitoka Murang'a akiwa kijana, akapata shamba kule Saboti, na sisi watoto wote tukazaliwa huko. Nikaolewa Bungoma, katika boma lililo karibu na soko la Ndalu. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa serikali, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili wakamhamishia Lodwar. Alikuwa akija Krismasi, anakaa siku zake chache, Januari anafunga mzigo na kurudi kwenye joto lake. Nyumbani tulibaki mimi, binti yetu aliyekuwa ameanza shule juzi tu, mama mkwe, na wifi, ambaye ndoa yake ilimshinda akarudi kwao kuja kuendesha ya mwenzake.

Wifi aliwahi kufagia wodi ya wazazi katika hospitali fulani. Kazi ya kufagia siidharau, nyumba yangu naifagia mwenyewe. Lakini yeye alitoka huko na ufagio akajipa udaktari. Mwanamke akipita njiani, wifi anamtazama kiunoni, kisha anatutajia miezi. "Mimi tumbo haiwezi nidanganya," ndivyo alivyopenda kusema, na mama mkwe anaitikia kwa kichwa.

Ugonjwa wangu ulianza na uchovu wa kijinga. Nilikuwa mtu wa kulima tangu alfajiri na jioni bado nina nguvu za kubishana, halafu ghafla napalilia mstari mmoja wa mahindi nakaa chini. Nikitoka kisimani lazima nitue ndoo njiani, moyo unanipiga mpaka masikioni. Nikaanza kuvaa sweta jua likiwa utosini. Asubuhi natapika. Harufu ya mafuta ya kukaangia inanifukuza jikoni, na mdomo una ladha ya chuma kutwa nzima. Miguu ikavimba mpaka viatu vikanikataa. Nikiamka, uso umejaa na macho yamezama. Na siku zangu za mwezi zikakatika. Haki ya Mungu, kama ningekutana na mimi njiani, ningejipongeza mwenyewe.

Halafu nikaanza kula mawe.

Nasema yale mawe laini, ya rangi ya kijivu, yanayouzwa sokoni kwa mafungu kando ya maharagwe na dagaa. Kwetu kila mtu anajua ni ya nani. Mwanamke akiwa mjamzito huyatafuna, na akijifungua hamu inaisha. Mimi hamu ilinishika bila mimba yoyote, na ilinishika vibaya. Nilikuwa nikiyawaza hata kanisani, pasta anahubiri na mate yananijaa mdomoni. Mvua ikianza kudondoka kwenye vumbi, ile harufu ilinifanya nitake kulamba ukuta. Nilikuwa nikienda Ndalu siku ya soko, nanunua fungu langu, naficha chini ya vitunguu. Muuzaji ananicheka, "Mama, huyu atakuwa kijana, anapenda mawe sana!" Nami nacheka naye, ningemwambia nini?

Wifi aliyapata makombo kwenye mfuko wa aproni yangu. Sijui aproni yangu aliitafutia nini. Alikuja nayo jikoni ameishika kwa vidole viwili, mama mkwe nyuma yake.

"Hii ni nini unakura?"

"Ni mawe tu, wifi."

"Ati mawe tu! Unakura mawe ya nini na mwenye hii nyumba ako Lodwar?"

Mimi pia nilikulia kwa watu wasioipata hiyo L, kwa hiyo matamshi hayakutukosanisha. Kilichonichoma ni kwamba alikuwa amejiandaa. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akiichunguza kamba yangu ya nguo! Januari vitambaa vyangu vya mwezi vilianikwa, Februari vilianikwa, baada ya hapo kamba ikawa ya shuka na sare za shule peke yake. Mume wangu alishaondoka Januari. Basi hesabu ya wifi ikakamilika papo hapo, mbele ya sufuria ya sukuma wiki: mimba ipo, na si ya ndugu yake. Akamtajia mama yake mpaka majira. "Mahindi ikivunwa huyu anazaa. Mtakuja kuniambia."

Nikaapa. Nikalia. Nikakimbia duka la dawa, nikanunua kile kipimo cha mkojo, nikawaonyesha hakuna kitu. Wifi akakigeuza geuza kwenye mwanga. "Hizi za duka huwa zime-ekspaya," akasema, akakitupa kwenye shimo la takataka. Mama mkwe akaendelea kukoroga sufuria yake. Naye pia nimemwekea yake, lakini tuendelee.

Wakati huo simu ya mkononi ilikuwa ya wenye nazo, sisi wengine tulikuwa tukipiga kwenye simu ya jamii pale kituoni. Kufika pale kwangu ilikuwa safari, kwa pumzi niliyokuwa nayo. Nilipofika, mwenye kibanda akaniambia wifi yangu ametoka hapo sasa hivi, ameongea na Lodwar kirefu. Nikampigia mume wangu. Alinisikiliza, kisha akasema, "Wacha kwanza nyinyi muelewane huko." Kwanza! Mwanamume aliyenichumbia kwa barua zenye mashairi, na sasa ananiambia nielewane na mtu aliyenivua nguo.

Jumapili iliyofuata, akina mama walibaki baada ya ibada kama kawaida yao, na wifi akasimama kuomba maombi. Akaniombea mimi. "Tumuombee dada yetu aliyeanguka, Mungu amsaidie na hicho kiumbe, kiumbe haina makosa." Nilikuwa nimekaa benchi ya tatu. Akina mama wakageuka wote kunitazama, wengine wakaanza kunihurumia kwa sauti, woiye, woiye. Nilitaka kusimama nimpe vidonge vyake pale pale. Magoti yakakataa. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata kukasirika kunahitaji damu, na mimi yangu ilikuwa imeisha.

Wiki hiyo nikarudishwa kwetu. Hawakunipiga, nisiwasingizie. Mama mkwe alisema tu niende nikazalie kwa mama yangu, na mtoto abaki, kwa sababu mtoto ni wa boma. Binti yangu akanishika sketi. Niliinama nimbebe. Mtoto wa umri ule, niliyekuwa nikimrusha juu na kumdaka, mikono yangu haikuweza kumwinua kutoka chini. Nikajaribu tena. Na wifi, amesimama mlangoni na leso yake kiunoni, akasema, "Mnaona? Mimba imemremea."

Sentensi hiyo niliondoka nayo. Mengine yote ningeweza kuyameza, labda, baada ya miaka. Hiyo hapana.

Kufika Saboti, mama yangu hakuniuliza habari za mimba. Alinivuta kope la chini kwa kidole gumba, akatazama, akasema, "Ngai, mtoto wangu ni mweupe ndani." Baba akatoka nje akaenda kusimama na ng'ombe wake. Siku hiyo hiyo mama akaanza kunitia damu kwa sufuria: maini, mboga za managu, beetroot mpaka mkojo ukanitisha kwa wekundu. Nilikula vyote. Sikupata nafuu hata ya kupanda ngazi tatu za mlangoni.

Hospitali ya Kitale wakanipima, wakashangaa nimefikaje kwa miguu yangu, wakanituma Eldoret. Huko nikakutana na daktari wa figo, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Akanieleza kwamba figo zangu zimeharibika sana, na kilichoziharibu ni presha. Iliniingia nikiwa na mimba ya binti yangu, na baada ya kuzaa haikuondoka, ikakaa kimya ikizila. Nikamwambia mimi nimekuja kwa sababu ya damu, figo si za kuchuja mkojo tu?

"Figo pia ndizo zinaagiza damu," akasema. "Zinatoa kitu kinachoenda kuamsha mifupa, na mifupa ndiyo inatengeneza damu. Zako haziagizi tena. Mifupa imekaa tu, haina habari." Maini na managu, akasema, ni vizuri, lakini ni kama kurundika matofali kiwanjani na fundi hajaitwa.

Kisha akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye maandishi yake, "Na kuna vitu visivyo chakula unatamani? Udongo, barafu, mawe?"

Mama yangu alikuwa hapo. Nikanong'ona, "Mawe."

"Wengi wanayala. Mwili ukipungukiwa na chuma huanza kutamani vitu hivyo. Lakini uyaache, yanazuia hata hicho chuma kidogo unachokula kisiingie mwilini."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi na nesi akachungulia. Ati chuma! Kuvimba, kutapika, siku kukatika, mawe, yote yakawa na jina, na jina lenyewe halikuwa lile nililoombewa kanisani. Mama alikuwa akilia, mimi nacheka, daktari wa watu hajui ashike nani.

Nikapewa dawa za presha, nikatiwa chuma kwa mshipa, na nikaanza kudungwa sindano za kufanya ile kazi ya kuagiza damu ambayo figo zilikuwa zimeiacha. Sindano hizo hazitaki joto. Mama alikuwa akizileta kutoka Eldoret ndani ya thermos yenye barafu, na majirani wakimwona wanasema mama fulani siku hizi hanunui chai ya watu. Tulizihifadhi kwenye friji ya mwenye duka la soda, katikati ya chupa. Naye mama, baada ya kusikia shida ni figo, alikwenda buchani akarudi na figo za ng'ombe, akanikaangia na kitunguu kingi, ili zile zangu zipate mfano. Nilikula moja kwa ajili ya mapenzi yake.

Damu ikaanza kurudi. Kwanza ulimi ukapata rangi. Kisha nikalala usiku bila kuhema, nikaoga maji bila kutetemeka. Vidonge vya kutoa maji vikaisinyaza miguu. Figo hazikupona, nisimdanganye mtu, na mpaka leo natembea na ugonjwa wangu. Lakini nilisimama. Siku moja nikabeba ndoo ya maji kutoka mtoni mpaka jikoni bila kuitua, nikaiweka chini, na kabla sijanyoosha mgongo nikamsikia wifi kichwani: imemremea. Hasira ikanipanda safi kabisa, ya mtu mzima mwenye nguvu zake. Nilifurahi kuipata, kwa kweli.

Mama akasema, "Sasa tupige simu Bungoma waambiwe ni ugonjwa. Mtoto arudishwe."

"Hakuna kupiga simu."

"Kwa nini?"

"Wifi alisema mahindi yakivunwa. Wacha yavunwe."

Mama alinitazama sana. "Na mtoto wako?"

Usiniulize kama aliniuma. Kila jioni, saa za watoto kutoka shule, nilikuwa nikienda kukaa nyuma ya ghala nisionwe. Lakini niliwajua watu wale. Ningepiga simu wakati huo, wangesema nimetunga ugonjwa ili nifiche tumbo. Au, vibaya zaidi, wangesema haya basi, rudi, tusahau, na ningeingia kwa mlango wa nyuma, na binti yangu angekua akisikia minong'ono kuhusu mama yake. Nilitaka jina langu lirudishwe na mtu yule yule aliyelichukua, na mtoto akiona. Nikamwambia mama, ukipiga simu, mimi na wewe tumekosana. Naye alijua nimemrithi nani.

Mahindi yakakauka. Yakakatwa, yakasimamishwa shambani kwa mafungu, yakavunwa. Sijawahi kupenda mavuno kama ya mwaka ule. Nilikuwa nikipukuchua huku nikitabasamu peke yangu, baba akaanza kunitazama kwa wasiwasi.

Habari zikaanza kunifikia kupitia jirani mmoja wa Ndalu aliyekuwa akileta kuku soko la Kitale. Akina mama wa kanisa walikuwa wamemgeukia wifi. Mtoto ni wa kike ama wa kiume? Amefanana na nani? Mwanzo wifi alisema bado. Baadaye akasema ati nimezaa na nimemficha. Jirani yule akaninyemelea, macho yake yakipanda na kushuka tumboni mwangu, "Kwani ukweli ni gani, mama?"

"Ukweli ni waje waone wenyewe," nikamwambia. "Mume wangu akifika Krismasi, waje wote. Na wifi asikose. Na mtoto wangu waje naye."

Walikuja, na jinsi walivyokuja mbio! Mama mkwe na kitambaa kipya kichwani, mume wangu amekondeana, wifi amevaa ile suti yake ya kanisani kama anayekwenda kutoa ushahidi. Binti yangu alikuwa amerefuka. Nilimwona kupitia dirishani nikajizuia kwa kushika kitasa. Mama akawapa chai na mandazi, nami nikawaacha wasubiri. Wao walinisubirisha miezi.

Nikatoka. Nilikuwa nimevaa sketi ya kubana, makusudi. Binti yangu akanirukia, na mara hii nikamwinua, nikamweka kiunoni, nikasimama naye hapo mbele yao mpaka nikahakikisha wameona. Macho ya wifi yalinishuka tumboni, halafu yakaruka kwenye mlango wa chumba cha kulala. Mtoto akateleza chini, akakimbilia ndani. Nikasikia milango ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine.

Sikusalimia. Nikaketi, nikaivuta thermos, nikatoa sindano yangu. Siku hiyo ilikuwa siku yangu ya kudungwa, na hata kama isingekuwa, ningeipanga iwe hiyo. Nikapandisha blauzi, nikalifunua tumbo lile lile walilolipeleka kanisani, nikabana nyama kwa vidole, nikajidunga taratibu.

"Mayi wee!" mama mkwe akashika mdomo. "Hiyo ni nini unajifanya?"

"Ni damu, mama. Figo zangu zilikufa, damu ikaisha. Ndiyo nikawa navimba. Ndiyo nikawa natapika. Na yale mawe ilikuwa ni damu inaomba chakula. Hiyo ndiyo mimba mliyonifukuzia."

Mume wangu aliweka kikombe chini, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mama mkwe akaanza kusema walikuwa hawajui, kumbe nilikuwa mgonjwa, si ningesema. Nikamwambia nilisema mpaka sauti ikakauka, na kipimo nilileta, kikatupwa kwenye takataka. Akarekebisha kitambaa kichwani. Baada ya muda akasema wamenikosea, wanaomba nisamehe, nichukue nguo zangu twende nyumbani. Nikasema nguo zangu ziko sawa hapa, na mtoto wangu pia anabaki hapa, shule ziko. Hakuna aliyepinga. Wifi alikuwa akizungusha kijiko kwenye chai isiyo na sukari.

Hapo binti yangu akarudi kutoka vyumbani. Alikuwa ameshika mfuko wa karatasi aliokuja nao kutoka Bungoma, na ndani nikaona sweta lake la utotoni, lile la manjano, amelikunja vizuri. Akasimama mbele yangu. Alikuwa na mashaka usoni, na aibu kidogo, kama mtu aliyekosea nyumba.

"Mama, nimeangalia kila mahali," akasema. "Mtoto ako wapi?"

Mama yangu akaniita jina langu polepole, kunisihi. Nilimsikia.

"Muulize anti yako," nikamwambia binti yangu. "Ni yeye peke yake aliyemwona."

Mtoto akageuka. Akamwendea wifi, akamwekea ule mfuko mapajani juu ya sketi ya suti, akamtazama usoni akingoja kujibiwa.